Jukiboksi ya Seeburg: kigari kinakwama njiani

Kaka, hiyo jukiboksi yako, mashine ya kuchagua na kupiga santuri, V-200 ya 1955, haijaharibika. Ukisema kigari, kile kinachotembea kwenye reli kufuata santuri, kinafika nusu ya njia kisha kinagoma, na mkono unaonyanyua santuri unarudi kwa kusuasua, mchawi ni grisi ya zamani iliyoganda ikawa kama nta. Usipulizie WD-40 juu yake, tafadhali. Itateleza siku chache, halafu uchafu utashika upya.

Chomoa waya ukutani kwanza, toa santuri zote, piga picha kila springi ilivyokaa. Pasha ekseli kwa drayer ya nywele, kisha sugua kwa mswaki wenye tapentaini kidogo huku ukichezesha kila wenzo kwa kidole. Utaona uji wa kahawia unatoka kwenye matundu. Futa, rudia, mpaka wenzo uanguke wenyewe bila kusukumwa. Hapo ndipo weka tone la mafuta ya cherehani kwenye ekseli, na grisi mpya, nyembamba, kwenye meno ya gia tu. Mafuta yasiguse tairi za mpira.

Kuna kiboksi kinachotunza nyimbo zilizochaguliwa, Tormat. Usikipime kwa mita ya omu, yaani ya kupima ukinzani wa umeme, hata kidogo. Umeme mdogo wa mita hiyo unatosha kukiharibu.

Na kwa kuwa uko Mombasa: umeme wa huko ni wa hezi 50, na transfoma ya kushusha volti haibadilishi masafa, yaani hizo hezi. Mota ya Kimarekani ya hezi 60 kwenye hezi 50 itazunguka polepole, waimbaji wote wawe na sauti nzito. Tafuta puli ya mota iliyotengenezwa kwa hezi 50.