Majina Yaliyoachwa Nje ya Santuri: Maswali Yenu Kuhusu Hip Hop ya Zamani

Maswali mliyotuma safari hii karibu yote yanauliza nani alikuwa wa kwanza. Nitayajibu, ila nitawasogeza pembeni kidogo kila mara, kwa mtu aliyefanya kazi na jina lake likaachwa.

Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam: Ni kweli hip hop ilianza siku moja, kwenye sherehe moja?

Siku inayoadhimishwa ni Agosti 11, 1973, na mahali ni 1520 Sedgwick Avenue, jengo la nyumba za kupanga huko Bronx, New York. Aliyekuwa kwenye mashine za kupigia santuri ni Clive Campbell, kijana wa miaka 18 mzaliwa wa Kingston, Jamaika, ambaye mtaani walimwita DJ Kool Herc. Hayo yanajulikana. Kinachorukwa ni kwamba sherehe haikuwa yake. Ilikuwa ya mdogo wake wa kike, Cindy. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na Cindy alitaka nguo mpya za shule. Akakodi ukumbi wa chini wa jengo lao, kadi za mwaliko zikaandikwa kwa mkono, kiingilio kikapangwa: wasichana senti 25, wavulana senti 50. Mtu wa kupiga muziki alikuwa naye nyumbani. Ukisoma orodha ndefu za waasisi wa hip hop utakuta ma-DJ, ma-MC (wachanaji wa maiki), wacheza breki na wachora machata, yaani majina na michoro ya ukutani, lakini promota wa kwanza, msichana wa shule aliyepiga hesabu akaona ada ya mlangoni itamlipa, hutamkuta kirahisi.

Tena kulikuwa na mtu wa tatu, Coke La Rock, aliyeshika maiki akiwataja marafiki zake kwa majina na kuwachangamsha waliokuwa wakicheza. Hakuwa na mistari iliyoandikwa. Wengi waliokuwapo zama zile humtaja kuwa MC wa kwanza.

Kuhusu siku moja, hapana. Herc alikuwa akitazama watu wanavyosubiri ile sehemu ya wimbo ambapo ngoma inabaki peke yake, na baadaye akawa anapiga nakala mbili za santuri moja ili ngoma ikiisha huku aidake kule. Mbinu hiyo ilikua sherehe baada ya sherehe. Na machata yalikuwa ukutani tayari: Julai 1971 gazeti la New York Times liliandika habari ya kijana tarishi aliyejaza jina TAKI 183 jiji zima.

Msomaji wa Mombasa: Wimbo wa kwanza wa rap kurekodiwa ni “Rapper's Delight”, sivyo?

Sivyo. Wiki chache kabla yake, mwaka huohuo wa 1979, bendi ya Fatback ilitoa “King Tim III”. Ulikuwa upande wa pili wa santuri, upande ambao hata kampuni haikuutegemea.

Lakini “Rapper's Delight”, wimbo wa kundi la Sugarhill Gang, una kisa kizito kuliko hilo. Sylvia Robinson, mwenye Sugar Hill Records, alikuwa akitafuta vijana wa kurekodi huko Englewood, New Jersey. Mmoja aliyempata ni Big Bank Hank, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi kwenye duka la piza. Hank hakuwa mwandishi wa mistari. Akaenda kwa rafiki yake wa Bronx, Grandmaster Caz, na Caz akampa daftari lake achague. Hank akabeba mistari ilivyo, mpaka jina la mwenyewe: sikiliza anapotaja herufi moja moja za Casanova. Hilo ni jina la Caz, aliyejiita Casanova Fly. Dunia nzima imecheza wimbo ambao ndani yake mtu anajitambulisha kwa jina la mwenzake aliyebaki Bronx bila kutajwa kwenye lebo wala kulipwa. Nile Rodgers na Bernard Edwards wa bendi ya Chic, waliotunga “Good Times” ambao mdundo wake ulitumika, walilalamika hadi wakaandikwa kuwa watunzi. Wao walikuwa na bendi, kampuni na mawakili. Caz alikuwa na daftari.

Kutoka Kisumu: Katika “The Message”, Grandmaster Flash ni sauti ipi?

Hakuna. Hajachana mstari hata mmoja katika wimbo ule wa 1982, wala si yeye aliyetengeneza mdundo. Uliandikwa kwa sehemu kubwa na Ed Fletcher, aliyejulikana kama Duke Bootee, mwanamuziki wa studio pale Sugar Hill, akishirikiana na Melle Mel, MC wa kundi la Flash, Furious Five. Kundi lenyewe lilisita kuurekodi, kwa sababu watu walizoea rap ya kusherehekea na huu ulikuwa unasema panya, mende na kodi ya nyumba. Sauti mbili kuu unazosikia ni za Melle Mel na Bootee. Tazama video kwa makini: mistari ya Bootee inaigizwa na Rahiem, mwenzao wa kundi, kwa kufungua mdomo tu. Mwaka 2002 wimbo huu ulikuwa miongoni mwa rekodi 50 za kwanza kuwekwa kwenye hazina ya taifa ya rekodi za sauti Marekani, na jina lililo mbele ni la Flash. Simlaumu Flash. Mikono yake kwenye mashine iliwafundisha ma-DJ wote waliofuata, ila hiyo ni kazi nyingine.

Dada mmoja wa Arusha: Shikamoo. Nimechoka kusikia wanawake waliingia baadaye. Nisaidie majina.

Marahaba, dada. Sha-Rock alikuwa MC wa Funky 4 + 1, na Februari 14, 1981 kundi hilo likawa la kwanza la hip hop kutumbuiza kwenye televisheni ya kitaifa Marekani, katika Saturday Night Live. The Sequence, wasichana watatu wa Columbia, South Carolina, walirekodi “Funk You Up” mwaka 1979. Mmoja wao aliitwa Angie B. Wapenzi wa soul wanamjua zaidi kama Angie Stone, aliyefariki Machi 2025 kwa ajali ya gari. Ona pia kwamba walitoka Kusini, miaka mingi kabla Atlanta haijahesabiwa kuwa mji wa hip hop.

Na Roxanne Shanté. Mwaka 1984 alikuwa na miaka 14, anaishi Queensbridge, New York, na kwa simulizi yake mwenyewe alikuwa njiani kwenda kufua nguo prodyuza Marley Marl alipomwita. Akaingia ndani ya nyumba ya Marl, akachana “Roxanne's Revenge” papo kwa papo, kuwajibu kundi la UTFO waliokuwa wamemsema vibaya msichana wa kubuni aitwaye Roxanne. Zilifuata nyimbo za kujibizana kwa makumi. Vita vyote vya mistari kwenye santuri ambavyo wanaume wanavisimulia kwa majigambo vina deni kwa mtoto yule.

Prodyuza chipukizi, Bujumbura: Ngoma iliyosampuliwa kuliko zote ni ya nani?

Kusampuli ni kukata kipande cha rekodi ya zamani na kukitumia kwenye wimbo mpya, na ngoma hiyo ni ya Gregory Coleman. Ningependa kila prodyuza alijue jina hilo kabla ya kujifunza kukata biti. Alikuwa mpiga ngoma wa The Winstons, bendi ya Washington. Mwaka 1969 walitoa “Color Him Father”, uliopata Grammy. Upande wa pili waliweka kipande cha ala tu, “Amen, Brother”, kujaza nafasi. Katikati yake wenzake wananyamaza na Coleman anapiga peke yake, baa 4, sekunde zisizozidi 7.

Kipande hicho kilikaa kimya miaka mingi. Mwaka 1986 kikaingia kwenye Ultimate Breaks and Beats, santuri za mkusanyo walizotengenezewa ma-DJ, na sampo zikawa zimeanza kuwa rahisi kwa mashine mpya. Baada ya hapo yupo kwenye “Straight Outta Compton” ya N.W.A, na huko Uingereza mitindo mizima ya muziki wa dansi, jungle na drum and bass, imesimama juu ya sekunde zile. Nyimbo zilizomtumia zinahesabiwa kwa maelfu.

Coleman hakulipwa kitu. Alifariki Atlanta mwaka 2006 akiwa hana makazi. Kiongozi wa bendi, Richard Spencer, alikuja kujua habari hizi mwaka 1996, muda wa kudai mahakamani ukiwa umepita. Mwaka 2015 ma-DJ wa Uingereza walimchangia Spencer kiasi cha pauni 24,000. Ni heshima nzuri, lakini ilimkuta mwenye mikono ile ameshazikwa.

Msomaji wa Usa River: Hapa husemwa kwamba Tupac ana undugu na Meru. Ni uzushi?

Undugu wa damu hapana, lakini kuna jambo la kweli. Afeni Shakur, mama yake, alikuwa mmoja wa wanachama 21 wa Black Panthers, chama cha kutetea haki za Weusi Marekani, walioshtakiwa New York, akajitetea mwenyewe mahakamani na wakaachiwa huru Mei 1971. Tupac akazaliwa Juni 16, mwezi mmoja na siku chache baadaye. Baba yake wa ubatizo alikuwa Geronimo Pratt, kiongozi wa Panthers huko Los Angeles, aliyefungwa miaka 27 kwa mauaji ambayo hukumu yake ilifutwa mwaka 1997, baada ya kubainika kuwa upande wa mashtaka ulificha kwamba shahidi wake mkuu alikuwa mtoa habari kwa vyombo vya dola. Tupac alikuwa ameshauawa mwaka uliotangulia, kwa hiyo hakumwona akitoka.

Pratt alikuja Tanzania na kuishi Imbaseni, kijiji mnachokijua ninyi wa Usa River, alipo mwenzake wa zamani Pete O'Neal na mkewe Charlotte, Mama C, mwanamuziki na mshairi. Huko Imbaseni ndiko Pratt alikofia Juni 2011.

Msomaji wa Unguja: Rap ya Kiswahili ilianza na nani?

Vijana wengi walikuwa wakijaribu, lakini aliyeufungua mlango kwa umma ni Saleh Jabir, Saleh J, aliyeshinda shindano la Yo! Rap Bonanza Dar es Salaam mwaka 1991 kwa kuandika upya kwa Kiswahili “Ice Ice Baby” ya Vanilla Ice. Kwa kuwa umeuliza ukiwa Unguja, nikupe nyongeza. Besi ya “Ice Ice Baby” ilichukuliwa kutoka “Under Pressure” ya Queen na David Bowie, wa mwaka 1981. Mwanzoni hawakutajwa, baada ya mvutano wakaandikwa kuwa watunzi. Hivyo miongoni mwa watunzi wa mdundo ambao Saleh aliuchania Kiswahili yumo Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946.