Nguzo ya daraja ivunjike pale ulipochagua wewe

Ukikuta nguzo ya daraja ingali uchi, nondo zimesimama na zege halijamwagwa, chuchumaa pale inapochomoza kutoka kwenye msingi uangalie ringi, yaani vyuma vya mduara vinavyozifunga nondo za wima. Zimeachana kwa umbali gani? Ncha zake zimekunjwa vipi? Maswali hayo mawili yatakueleza habari za tetemeko kuliko unene wa nguzo nzima.

Tetemeko la San Fernando, California, la 9 Februari 1971 lilifundisha hilo kwa gharama kubwa. Nguzo nyingi za madaraja ya huko zilikuwa na ringi za milimita 12 hivi kila sentimita 30, nguzo iwe nyembamba au nene. Ncha za ringi zilipishanishwa tu ndani ya kava, yaani zege la nje linalofunika vyuma. Nguzo ikiyumba sana kava hubanduka, na likibanduka ringi ya namna hiyo hufunguka kama mkanda usio na kifungo. Zege la ndani humwagika na nondo za wima hubaki peke yake.

Nguzo ambayo haitaumia hata kidogo katika tetemeko kubwa inawezekana, ila hakuna nchi inayoweza kuilipia kwa kila daraja. Kwa hiyo mhandisi huchagua mahali pa kuumia. Kwa kawaida ni chini kabisa, juu tu ya msingi, na pia juu kabisa ikiwa nguzo imeshikamana na boriti. Hapo nondo za wima huachwa zivutike kupita kiasi chake na kula nguvu ya mtikisiko, huku nguzo ikiendelea kubeba daraja. Tunapaita bawaba. Msingi, boriti, maungio, na uwezo wa nguzo yenyewe wa kutokatwa kwa mshazari vyote lazima viizidi bawaba hiyo nguvu. California huzidisha nguvu ya kupinda ya bawaba kwa 1.2, kisha sehemu nyingine zote zinasanifiwa kwa kiasi hicho.

Usipochagua, tetemeko litakuchagulia. Kobe, Japani, 17 Januari 1995, barabara ya juu ya Hanshin ililala ubavu kwa zaidi ya mita 600. Sehemu ya nondo za wima zilikuwa zimekatishwa njiani ili kubana chuma, na nguzo zikaumia pale nondo zilipokoma. Mwaka mmoja kabla, katika tetemeko la Northridge, California, nguzo za daraja la Mission-Gothic zilikuwa zimetanuliwa juu kama tarumbeta kwa ajili ya urembo. Utanuzi ule uliisukuma bawaba kushuka chini, urefu unaojipinda ukawa mfupi, nguvu ya kukata ikapanda, nguzo zikapasuka. Ukitaka urembo wa aina hiyo, acha mwanya wa milimita 50 hadi 100 kati ya utanuzi na boriti. Ukuta wa mfereji au kifusi kilichoshindiliwa kuizunguka nguzo hufanya madhara yale yale.

Sasa tuchukue nguzo moja kwa vipimo. Ni ya maabara, ya mviringo, kipenyo milimita 600, na urefu wa milimita 2,400 kutoka juu ya msingi hadi jeki inaposukuma. Ni nusu ya nguzo halisi ya mita 1.2. Nondo 14 za milimita 20 zinatoa asilimia 1.56 ya eneo la nguzo, na mipaka ya kawaida ni asilimia 1 hadi 4. Umbali wa ringi usizidi moja ya tano ya kipenyo, wala mara sita ya unene wa nondo ya wima. Hapa njia zote mbili zinatoa milimita 120. Sisi hatungefika huko. Tungeweka ringi za milimita 10 kila milimita 60, kuanzia chini hadi urefu wa milimita 900, yaani kipenyo mara moja na nusu. Chuma cha ringi kinafika karibu asilimia 1 ya ujazo wa kiini, yaani zege lililo ndani ya ringi.

Urefu wa bawaba yenyewe hukadiriwa kwa kanuni inayotumika sana: 0.08 ya urefu wa nguzo, jumlisha 0.022 mara nguvu ya nondo kwa megapaskali mara unene wake. Kwa nondo za megapaskali 500 ni 192 jumlisha 220, kama milimita 410. Katika eneo hilo usiweke lapu hata moja, yaani usiunganishe nondo mbili kwa kuzipishanisha. Nondo za wima ziinuke nzima kutoka msingini, hata kama kuzishikilia zisiyumbe kutawachosha mafundi. Ringi zichomelewe ncha kwa ncha kiwandani, na zijaribiwe kwa kuvutwa. Ikiwa kuchomelea hakuwezekani, ncha zikunjwe nyuzi 135 na mkia uzame ndani ya kiini. Kona ya nyuzi 90 ni rahisi kwa fundi nondo, na ndiyo inayofunguka kwanza.

Nondo zenye nguvu kupita kiasi ni kosa ambalo wengi hulipokea kama zawadi. Umesanifu kwa 500, zikaletwa zinazofika 620: bawaba inakuwa ngumu kuliko ulivyopanga, na nguvu ya ziada inaenda kuikata nguzo au kuupasua msingi. Kiwango cha nondo cha Marekani cha A706, gredi ya 420, kinaweka dari ya megapaskali 540, na kinataka nguvu ya kukatika iwe angalau mara 1.25 ya nguvu ya kuanza kunyumbuka. Usitosheke na cheti cha kiwanda. Kata vipande kutoka kwenye mzigo uliofika site na uvipeleke maabara. Kwa walio kando ya Bonde la Ufa hili linawahusu moja kwa moja: Ziwa Tanganyika lilitikiswa kwa kipimo cha 6.8 tarehe 5 Desemba 2005, na Kagera kwa 5.9 tarehe 10 Septemba 2016.

Jaribio la kawaida ni la kusukuma na kuvuta polepole. Msingi wa nguzo hufungwa kwenye sakafu nene ya maabara kwa vyuma vilivyokazwa. Juu unawekwa uzito wa kuigiza daraja, tuseme asilimia 10 ya uwezo wa zege: kwa zege la megapaskali 30 ni kama kilonewtoni 850. Nguzo hii itahitaji msukumo wa kilonewtoni 210 hadi 260, hivyo jeki ya 500 inatosha, lakini hakikisha ina mwendo wa angalau milimita 200 kila upande. Ukitaka kuisukuma nguzo hadi asilimia 8 ya urefu wake, ni milimita 192, na jaribio likiishia katikati kwa sababu jeki imefika mwisho, umepoteza miezi ya kazi.

Pakeni nguzo chokaa nyeupe, mchore miraba ya milimita 100, na muwe na kalamu za rangi mbili: moja kwa nyufa za kusukuma, nyingine kwa za kuvuta. Geji za mkazo, yaani vipimo vidogo vya kuvutika kwa chuma, zibandikwe kwenye nondo na kwenye ringi kabla ya zege. Bandikeni nyingi kuliko mnazohitaji, maana baadhi hufa wakati wa kumwaga. Anzeni kwa nguvu ndogo hadi robo tatu ya kiwango cha nondo kuanza kunyumbuka, mkadirie umbali ambao juu ya nguzo husogea nondo zinapoanza kunyumbuka. Kisha endeleeni kwa umbali huo mara 1, 1.5, 2, 3, 4, 6 na 8, kila hatua ikirudiwa mara tatu.

Mambo matatu huharibu takwimu kimyakimya. Msingi huteleza au kunyanyuka kidogo, kwa hiyo upimwe nao. Vyuma vya kuleta uzito wa juu huinama pamoja na nguzo, na mshazari wao huongeza au kupunguza nguvu ya pembeni. Sahihisheni kila usomaji. La tatu ni nondo kuchomoka kidogo kutoka ndani ya msingi, jambo linaloongeza mwendo wa nguzo bila nguzo yenyewe kujipinda. Wekeni kipimo pale pale kwenye maungio.

Simameni karibu, nyuma ya kizuizi, mwangalie nondo inavyokufa. Kwanza huja nyufa za mlalo, kisha kava hubanduka chini. Wengi hutarajia nondo ipinde kuelekea nje msukumo unapofika kilele upande wake. Kinachotokea ni tofauti: kwanza inavutwa, inarefuka, nyufa zinafunguka. Jeki inaporudi, nyufa zingali wazi, zege halijagusana, na nondo iliyorefuka inabeba mgandamizo peke yake. Hapo ndipo inapinda, kati ya ringi mbili au kwa kuzisukuma kadhaa. Ikivutwa tena hukatika kwa mlio mkali, mara nyingi kuanzia upande wa ndani wa kona. Ndiyo sababu tulisisitiza milimita 60.

Jaribio la polepole halitoshi kwa kila swali. Mwaka 2010, Chuo Kikuu cha California San Diego kilitikisa nguzo halisi ya kipenyo cha mita 1.2 na urefu wa mita 7.3, ikibeba zaidi ya tani 230, kwenye meza yake ya kutikisa iliyo nje, kwa mitikisiko iliyorekodiwa katika matetemeko ya Loma Prieta, California, na Kobe. Meza ya namna hiyo huonyesha jambo ambalo jeki haliwezi: nguzo inabaki imeinama kiasi gani tetemeko likiisha. Daraja lililosimama likiwa limeinama sana huenda likabomolewa vilevile.

Mkimaliza, msiikimbize nguzo jalalani. Chukueni patasi na nyundo, ondoeni zege lililolegea, mpime umbali halisi wa ringi pale nondo ilipopinda, mlinganishe na mchoro. Mara kwa mara mtakuta 75 mahali palipoandikwa 60, kwa sababu ringi zilisogea wakati vaibreta, mashine ya kutikisa zege lishikamane, ilipoingizwa, na waya wa kufungia ulikuwa umekazwa kwenye nondo moja kati ya tatu.