Bima kubwa ya WRX hapa Dodoma

Mkuu, umeuliza bima kubwa (ile inayolipa hadi gari lako mwenyewe) ya Subaru WRX yako ni kiasi gani hapa Dodoma. Kwa WRX ya milioni 30 usitegemee kuipata chini ya kama milioni 1 na kidogo. Kwa gari binafsi kiwango kilichozoeleka ni asilimia 3.5 ya thamani yake, yaani 1,050,000, halafu VAT juu. Viwango vya chini vinasimamiwa na TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima Tanzania, kwa hiyo kuzunguka ofisi zote za mjini kusaka "ya bei poa" ni kuchoma mafuta tu, na Subaru yenyewe unajua inavyokunywa.

Ulinganishe kitu kingine: kiasi utakachochangia mwenyewe ajali ikitokea, na kama watakubali kufunga vipuri vipya. Mimi nilisaini bila kusoma, nikaja kulipia nusu ya bampa kwa mfuko wangu baada ya kukutana na ng'ombe usiku karibu na Kibaigwa.

Usishushe thamani ili ulipe kidogo. Ukiandikisha milioni 20 gari la 30, hata kwenye uharibifu mdogo wanaweza kukulipa theluthi mbili tu ya hasara. Na kama umefunga turbo kubwa au umebadilisha chochote kwenye injini, sema mapema, maana hapo ndipo madai mengi yanapokwama.

Bima ndogo ni rahisi kweli, ila inalipa uliowagonga, gari lako halimo. Ukishalipa, hakiki stika kwenye mfumo wa TIRA mtandaoni palepale kabla hujaondoka kwa wakala.