Ndezi "mwoshe" au ndezi "ioshe"?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Ninaandika mapishi ya zamani ya mama mkwe wangu, Mwacholi, ili wajukuu zake waliozaliwa Mombasa wayasome. Mimi nilikulia kambi ya jeshi, kwa hiyo Kiswahili ndicho ninachoandika bila taabu. Nimeandika: "Chukua anyeri moja, ioshe, ikate, kisha osha viungo vya ndani na utie viungo." Kijana wangu anasema niandike "mmoja, mwoshe, mkate". Mimi naona hapo ni kama ninamwogesha mtoto. Nani yuko sahihi? Na anyeri, yule mnyama wa kwenye miwa anayefanana na panya mkubwa, nimwite panya? (Msomaji, Gulu)

JIBU: Mama, anyeri kwa Kiswahili ni ndezi, na kijana wako yuko sahihi mnyama akiwa bado hajakatwa vipande. Wewe unakuwa sahihi akishakatwa, ukitaja nyama. Mapishi yako yanawahitaji wote wawili, kila mmoja kwa zamu yake.

Katika Kiswahili sanifu, jina la mnyama, ndege, samaki au mdudu huchukua upatanisho wa a-/wa- hata baada ya kuchinjwa. Kisu hakibadilishi ngeli. Sokoni tunauliza kama samaki ni wabichi ingawa walivuliwa jana, tunaagiza kuku wa kukaanga, na wale panzi wa kuliwa wa Novemba, nsenene, ambao Bukoba huitwa senene, tunasema wamekaangwa wakakauka vizuri. Basi ni "ndezi mmoja, mwoshe", na wakiwa wawili, "waoshe". Kuhusu mtoto usiwe na wasiwasi, kwa sababu Kiswahili kimekwisha kuwatenganisha: mtoto huogeshwa, kitoweo huoshwa.

Palipo na ugumu wa kweli ni "mkate". Msomaji akikutana na "mkate vipande vinne" atafikiri umemletea mkate wa chai. Andika "umkate vipande vinne" au "mkatekate", na utata utaondoka. Kuanzia hapo ndezi hayumo tena kwenye sentensi, vimebaki vipande: "vioshe, vitie chumvi, viache vichuje maji". Ukipenda kusema nyama, basi "ioshe, itie chumvi, iache ichuje maji". Kosa ni kurukaruka, yaani kuanza na "ndezi mmoja" kisha kuendelea na "ioshe" kabla hujataja nyama wala vipande. Najua "kuku moja, ikate" ndiyo lugha ya kila siku Gulu na Kampala, na mchuuzi hatashindwa kukuelewa. Lakini wajukuu wa Mombasa wakiandika hivyo kwenye insha watakatwa alama, nawe unawaandikia wao.

Kuna jambo linalohusiana na hilo, nalo nalipenda sana. Katika maandishi ya zamani utakuta "nyama wa mwitu", na hapo mwandishi anamtaja mnyama anayetembea, hataji kitoweo. Neno nyama lilibeba maana zote mbili, na neno la kuunganisha, wa au ya, ndilo lililokuwa likiamua: nyama wa mwitu yuko kichakani, nyama ya mwitu iko chunguni. Leo tunasema wanyamapori na nyamapori, lakini tofauti ya wa na ya bado inafanya kazi ileile.

Sasa "osha viungo na utie viungo". Hapa sikubaliani nawe hata kidogo! Kiungo ni sehemu ya mwili, na kiungo pia ni kitu cha kutia ladha chunguni, kwa hiyo msomaji atajikuta anaosha binzari. Nadhani ulikuwa unatafuta neno moja lenye upana wa "byenda" ya Kiganda, yaani nyama za ndani, ile inayopikwa pamoja na matoke kwenye katogo. "Matumbo" yanakaribia, na mpishi wa Kenya au Tanzania atakuelewa, lakini kwa mapishi ya zamani ningetaja kila kitu kwa jina lake, maana mama mkwe wako hakuvitia vyote chunguni kwa wakati mmoja. Ini moja la mnyama mmoja jikoni huitwa maini: "maini yakikaa motoni sana yanakuwa magumu". Kuna moyo, figo, mapafu, bandama, na kwa ndege firigisi. Utumbo ni ule mrefu wa kukamuliwa na kugeuzwa nje ndani: "ugeuze, uoshe kwa chumvi". Matumbo ni "yageuze, yaoshe". Chagua moja ukae nalo mpaka mwisho wa ukurasa. Miguu ya ng'ombe, ambayo Kampala huitwa mulokoni, Nairobi na Dar es Salaam wataijua kwa jina la makongoro.

Vitenzi vyako vingine ni vizuri. Ongeza viwili tu. Kuunguza manyoya juu ya moto kabla ya kukwangua ngozi ni kubabua. Kuweka nyama juu ya uchaga ikaukie moto na moshi ni kubanika, si kuchoma, na ladha ya nyama hiyo ikishaungwa kwa odii inatokana na moshi huo. Odii iache kwa jina lake, ueleze mara moja kwamba ni ufuta na karanga zilizosagwa pamoja. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, kwa hiyo vyakula vya Uganda vina haki ya kuingia humo na majina yao.

Anyeri usimwite panya, tafadhali. Jina lake la Kiswahili ni ndezi, mnyama wa kwenye matete na mashamba ya miwa, mwenye kilo kadhaa, na ukiandika panya watoto wataona yule wa darini. Kichwani mwa ukurasa weka "Anyeri (ndezi)", kisha endelea na ndezi.

La mwisho ni nyakati. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inakataza kuwinda bila kibali, kwa hiyo pale mama mkwe anapoeleza mnyama alivyopatikana, usitumie amri. Sema "walikuwa wakimtega" au "walimpata kwenye miwa". Amri zianzie jikoni: "Mbabue, mkwangue ngozi, mpasue, toa matumbo, mwoshe, kisha umkate vipande. Vipande vibanike mpaka vikauke, vichemshe mpaka vilainike, halafu uviunge kwa odii."