Jibu: Lipu mpya inabanduka kwenye ukuta wa zamani

Salama mkuu, kwa hiyo ukuta ni wa mawe na chokaa, ukapiga lipu ya simenti ili jengo liwe ofisi, sasa inabanduka na kuna unga mweupe. Kwanza cheki gata na udongo wa nje, ukiwa juu kuliko sakafu ya ndani maji yataingia tu hata ufanyeje. Halafu hiyo simenti ibandue, najua inauma, ila inafungia unyevu ndani na ule unga ni chumvi inayobaki maji yakikauka. Ukuta uache ukauke miezi kadhaa ndo upige lipu ya chokaa, juu yake rangi ya chokaa, za plastiki achana nazo. Kama mbao za dari zimeoza siwezi kusema bila kuziona, we zidunge na bisibisi pale zinapoingia ukutani, ikizama kirahisi ita fundi.