Stili gitaa imefifia ukilegeza mguu? Usiuze amplifaya, anza na waya

Habari wakuu, na samahani kwa kuchelewa, nilikuwa zamu za usiku wiki nzima.

Mdogo wangu uliyeuliza, nimekusoma mara mbili ili nisije nikajibu swali ambalo hukuuliza. Una stili ya nyuzi 10 (gitaa la kulaza, linalopigwa kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi), pedali ya sauti ya kawaida isiyotumia umeme, tyuna ya kupimia noti, dilei ya kurudiarudia sauti kama mwangwi, riverbu ya kuifanya isikike kama ukumbini, na amplifaya ya zamani ya Peavey. Shida zako ni mbili: ukilegeza mguu sauti inakuwa nzito kama imefunikwa blanketi, na ukiufunga kabisa mwangwi wa dilei unakatika ghafla. Mwishoni ukaulizia na mvumo. Wachangiaji wawili hapo juu wamekushauri uuze amplifaya. Usiuze. Mimi niliwahi kubadilisha spika nzima kwa ugonjwa huohuo, na spika haikuwa na kosa lolote.

Nipo Texas mwaka wa tisa sasa, napiga stili kanisani kwetu Jumapili na mara mojamoja na wazee wa kantri hapa mtaani. Baada ya kubadilisha ile spika na kuona hakuna tofauti, nilimlalamikia mzee mmoja ambaye amekalia stili tangu ujana wake. Hakunijibu. Alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya gitaa, akachomoa waya mmoja tu, akasema piga. Sauti ikarudi. Ulikuwa ni waya wa tyuna! Nilikuwa nimeuchomeka kwenye lile tundu la pembeni la pedali ya sauti, na wewe umeandika kwamba umefanya hivyohivyo. Tundu lile kwenye pedali nyingi zisizo na umeme limeunganishwa moja kwa moja na njia ya gitaa, kwa hiyo tyuna na waya wake wote vinaning'inia kwenye pikapu, kile kifaa chini ya nyuzi kinachonasa sauti, muda wote unaopiga. (Pikapu ya gitaa, siyo Hilux.) Pikapu ya stili ina waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi sana, nyingi hufika ukinzani wa kiloomu 17 hadi 20, na haina nguvu ya kubeba mizigo ya pembeni.

Hilo ni la kwanza. La pili ndilo lenye uhondo.

Pedali ya sauti kwenye stili siyo ya kupandisha na kushusha sauti tu. Ukidonoa uzi, noti inazaliwa na nguvu halafu inaanza kufa. Mguu wa kulia unaanza ukiwa umebonyea nusu, na kadiri noti inavyopungua ndivyo unavyoongeza, ndiyo maana stili inasikika kama mtu anayeimba bila kuvuta pumzi. Maana yake ni kwamba mpiga stili muda mwingi anaishi katikati ya pedali, siyo mwisho wake. Na katikati ndipo pedali hizi zinapoharibu sauti kuliko mahali pengine popote.

Hesabu yake hii hapa. Ndani ya pedali kuna volyumu, kama ile ya redio, kwa kawaida ya kiloomu 500. Ukibonyeza mpaka mwisho, sauti inapita bila kizuizi. Ukirudisha hadi pale sauti inapokuwa nusu, volyumu imegawanyika kiloomu 250 juu na 250 chini, na kinachotoka nje kinajiona kama kiko nyuma ya ukinzani wa kiloomu 125. Sasa chukua waya wa mita 6 kutoka kwenye pedali hadi kwenye amplifaya. Waya wa gitaa una kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji, ambao humeza sauti za juu) ya kama pikofaradi 100 kwa kila mita, kwa hiyo wako una 600 hivi. Kiloomu 125 na pikofaradi 600 vikikutana vinaanza kukata sauti zote zilizo juu ya hezi 2,100. Ule mng'ao wa chuma kwenye uzi unaishi huko juu. Blanketi lako ndilo hilo.

Kwa hiyo waya unaotoka kwenye pedali ni hatari kuliko unaoingia. Watu wengi hununua waya wa gharama wa kutoka kwenye gitaa hadi pedali, ambao ni mita moja na nusu tu, halafu nyuma wanaweka waya wa mita 9 waliouokota stoo.

Dawa ya bei rahisi labda unayo tayari. Kama dilei yako ni ndogo ya kawaida ya kampuni ya Boss, ina bafa ndani yake, yaani sakiti ndogo ya umeme inayoipa sauti nguvu ya kusukuma waya, na inafanya kazi hata dilei ikiwa imezimwa. Iweke mara tu baada ya pedali ya sauti, kwa kipande cha waya cha sentimita 30. Kuanzia hapo bafa ndiyo inayosukuma ule waya mrefu wa kwenda kwenye amplifaya, siyo volyumu. Kama dilei yako ni ya aina inayopitisha sauti moja kwa moja ikizimwa, ujanja huu unafanya kazi ikiwa imewashwa tu, kwa hiyo utahitaji bafa ya peke yake.

Hapo pia shida yako ya pili imekwisha. Umepanga gitaa, dilei, riverbu, halafu pedali ya sauti mwisho. Mguu wako unafunga mlango kwa kila kitu, mwangwi nao ukiwemo. Mimi nililijua hilo kwa aibu, kwenye wimbo wa taratibu wakati wa sadaka: nikafunga mguu mwishoni na kanisa zima likasikia sauti ikikatwa kama umeme umekatika. Pedali ya sauti itangulie, dilei ifuate, riverbu mwisho. Ukifunga mguu, gitaa linanyamaza lakini mwangwi unamalizikia wenyewe.

Ovadraivu, pedali ya kuikwaruza sauti iwe kali, ni suala la ladha. Mimi naiweka kabla ya pedali ya sauti, ukali unabaki uleule na mguu unapunguza ukubwa tu. Ukiiweka baada yake, mguu ndio unaoamua ukali. Jaribu zote mbili.

Kuna njia nyingine, ya kuiweka pedali ndani ya amplifaya yenyewe. Peavey Nashville 112, kwa mfano, ina jozi mbili za matundu ya kutolea na kurudishia sauti, moja kabla ya sakiti ya toni na nyingine baada yake. Pedali ikikaa kwenye jozi ya kwanza, gitaa linaingia moja kwa moja kwenye amplifaya, pikapu haioni volyumu kabisa, na ukilegeza mguu hata ule mvumo wa hatua ya kwanza, sehemu ya amplifaya inayopokea gitaa, unapungua. Angalia mambo mawili tu. Pikapu yenye nguvu inaweza kuizidi hatua ya kwanza, kwa sababu mguu hauizuii tena, kwa hiyo shusha geini, kile kitufe cha nguvu ya kuingilia. Na dilei ihamie jozi ya pili, la sivyo mwangwi utakatwa tena. Binafsi niliijaribu miezi miwili nikaacha. Waya mbili ndefu za kwenda na kurudi chini ya kiti zilinichosha.

Pedali za umeme kama Hilton hazina volyumu ya kusuguana wala ile kamba ya kuzungusha, na blanketi hili hazilijui. Ni nzuri sana ila si za bei rahisi, na sikushauri kununua kabla ya kujaribu haya ya bure.

Aliyesema hapo juu kwamba stili ni ya wazungu wa Nashville tu: chimbuko lake ni Hawaii, na Demola Adepoju alikuwa akiipiga kwenye bendi ya King Sunny Adé kule Nigeria miaka ya themanini. Tuendelee.

Mvumo uliouuliza mwishoni huenda unatokana na adapta moja inayogawiwa pedali zote. Chomoa zote, washa moja moja. Na kama kweli utaisafirisha hiyo Peavey Dodoma, soma nyuma yake kwanza. Za Marekani ni za volti 120, ukiichomeka ukutani huko kwenye 230 utanusa moshi kabla hujasikia noti.

Leo jioni fanya hivi: gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya kwa waya mfupi, piga dakika kumi. Kisha ongeza pedali ya sauti peke yake, bila tyuna, mguu ukiwa nusu. Kisha dilei nyuma yake. Niandikie blanketi limerudi kwenye hatua ipi.