"Mlipaji mmoja" sio "bima kwa wote"

Swali: Mwalimu shikamoo. Natafsiri makala ya uchaguzi wa Marekani wa 2020, pale kwenye single-payer nimeandika "bima ya afya kwa wote", mwenzangu anang'ang'ania "malipo ya mara moja". Nani yuko sahihi? Sentensi yangu ni hii: "Wagombea wa Democratic kwenye kura za maoni waliunga mkono bima ya afya kwa wote."

Jibu: Marahaba. Mwenzako kapotea kabisa, malipo ya mara moja ni kama unanunua kiwanja kwa keshi badala ya awamu. Hapa anayehesabiwa ni anayelipa, yaani serikali peke yake ndo inalipia matibabu ya wote, kwa hiyo andika "mfumo wa mlipaji mmoja".

Ya kwako inasikika vizuri ila inaficha ugomvi wote. Bima kwa wote ni lengo, njia za kulifikia ni nyingi, hata Tanzania tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 na kampuni binafsi za bima bado zipo. Sasa kule Marekani karibu wote hao wa Democratic walikuwa wanataka kila mtu apate bima, walichogombania ni hizo za kampuni zifutwe au zibaki. Sanders alishikilia mlipaji mmoja kwa mpango alioupa jina la Medicare for All (Medicare ni bima ya serikali, hasa ya wazee), Biden akataka bima ya serikali iwe chaguo la nyongeza tu, Buttigieg akachukua jina hilohilo akaongezea "kwa anayetaka", Harris akainua mkono kwenye mdahalo wa Juni 2019 kwamba zifutwe, kesho yake akasema swali hakulielewa hivyo, na mwezi uliofuata akatoa mpango unaoziacha kampuni ndani. Hao wote ukiwafunika na "waliunga mkono bima kwa wote" msomaji umemnyima habari yenyewe, na hilo linaniuma kuliko kosa la ngeli.

Kwa Warren, mwenzao aliyekuwa upande wa Sanders kwenye mlipaji mmoja, andika "alilegeza msimamo", usiandike "aligeuka", manake Novemba 2019 alisema tuanze na chaguo la serikali halafu mlipaji mmoja afuate, lengo hakuliacha.

Halafu "kura za maoni": Mtanzania atakuelewa, ni mchujo wa ndani ya chama, ila Mkenya atakumbuka ile ya katiba ya 2010. Weka "kura za mchujo". Na kabla chama hakijateua, hao mimi nawaita watia nia, mgombea ni Biden, tena kuanzia Agosti 2020.